Nukta Kwanza, Mstari Baadaye: Sona za Watshokwe na Mafundo ya Ulaya

Tangu tulipotangaza kipindi chetu juu ya sona, Jumapili mbili zilizopita, simu ya redio haijanyamaza. Wengine wanauliza: mchoro unaonyeshwaje kwenye redio? Wengine wanasema hayo ni mambo ya uchawi, yaachwe porini. Na mama mmoja ambaye kartie yake imehamishwa alisema neno lililonikaa moyoni: "Sisi tunatafuta maji na shule, ninyi mnatuletea michezo ya mchanga."

Swali lake ni la haki. Dakika thelathini za redio hazikutosha kulijibu, ndiyo maana naandika.

Kwa wasiojua, lusona ni mchoro wa mchanga wa Watshokwe. Ukiwa zaidi ya mmoja tunasema sona. Jirani zao Waluchazi wanauita kasona, na wingi wake tusona. Michoro hii inajulikana huku kwetu Lualaba, upande wa Dilolo na Sandoa, inajulikana mashariki ya Angola, na inajulikana kaskazini-magharibi ya Zambia. Watshokwe walikuwa hapo kabla Wabelgiji na Wareno hawajagawana nchi ya Walunda mwishoni mwa karne ya 19. Mpaka ulipita katikati ya familia, lakini michoro ilibaki ileile pande zote.

Inachorwa hivi. Mwenye kujua anasafisha kipande cha udongo na kukisawazisha kwa kiganja. Kwa kidole cha shahada na kidole cha pete anabonyeza nukta, mbilimbili, akisogeza mkono ili umbali uwe sawa. Safu zikishapangwa, anaanza mstari. Mstari haugusi nukta. Unapita katikati yao kwa mshazari, ukifika ukingoni unazunguka nukta ya pembeni na kurudi ndani, unakata njia yake wenyewe, unaendelea hadi kila nukta imezungukwa, kisha unarudi palepale ulipoanzia. Kidole hakiinuliwi, na hakipiti mara mbili njia ileile. Ukisita katikati kufikiri, watazamaji wanajua kwamba bado hujakomaa. Wakati kidole kinakwenda, mdomo unasimulia. Hadithi ikiisha, mchoro unafutwa. Waliofika kiwango hicho waliitwa akwa kuta sona, yaani wale wanaojua kuchora sona.

Mimi nilifundishwa kusikiliza kwanza, kuandika baadaye. Basi nilikwenda kumsikiliza kambo mmoja anayeishi pembezoni mwa mji. Jina lake sitaliandika, ameomba hivyo. Alizaliwa upande wa Dilolo na kuingia mukanda, jando la wavulana, kabla ya uhuru. Ni huko mukanda alikofundishwa sona pamoja na mambo mengine ya utu uzima. Mwaka 1977, vita vilipoingia huku, alivuka mpaka kwenda Angola pamoja na maelfu ya Walunda na Watshokwe waliokimbia. Alirudi, akapata kazi Kolwezi, akajenga, akazaa. Miaka michache iliyopita karieri ilisogea hadi kwenye kartie yake, na familia zote za avenue ile zikahamishwa. Kwa hiyo ukimwuliza kambo kwao ni wapi, anacheka kidogo kabla ya kujibu.

"Moyo, kambo," nilimsalimia kwa Kitshokwe, maneno machache niliyonayo.

"Moyo, mjukuu wangu. Umekuja kunipiga picha au kusikiliza?"

"Nimekuja kusikiliza, kambo."

"Basi kaa chini. Kwenye kiti hutaona kitu."

Alinichorea njia ya kwenda kwa Kalunga, yaani Mungu. Juu yuko Kalunga, chini yuko mtu, upande mmoja jua, upande mwingine mwezi. Hadithi yake wazee wengi wa kule wanaijua. Jua lilikwenda kumtembelea Mungu, likapewa jogoo na kuambiwa lirudi asubuhi. Asubuhi jogoo aliwika, jua likaenda. Mungu akasema: hukumla jogoo wako, basi mchukue, lakini utarudi kila asubuhi. Mwezi nao ulikwenda, ukamtunza jogoo wake, ukaambiwa urudi baada ya kila siku 28. Mtu alikwenda, akapewa jogoo. Lakini njia ilikuwa ndefu, njaa ilikuwa kali, akamla. Asubuhi jua lilikuwa limepanda juu naye hajasikia jogoo. Alipofika kwa Mungu aliambiwa: jua na mwezi walimtunza jogoo, kwa hiyo hawafi; wewe ulimla, basi nawe utakufa, na ukifa utarudi kwangu.

Kidole cha kambo kilimaliza mzunguko pamoja na neno la mwisho. Akaniangalia. Halafu akapitisha kiganja, udongo ukawa udongo.

Sasa niwapeleke mbali kidogo, kisha tutarudi. Baada ya kipindi cha kwanza, mwalimu mmoja wa sekondari alituletea karatasi iliyochapishwa kutoka kwenye intaneti. Ilikuwa picha ya fundo kubwa la duara, mistari myeupe juu ya weusi, imesukwa kama mkeka, inapita juu na chini yake yenyewe hadi jicho linachoka. Mchoraji ni Albrecht Dürer wa Nürnberg, Ujerumani. Alichonga mafundo sita ya namna hiyo kwenye mbao, karibu mwaka 1506 au 1507, wakati wa safari yake ya Venice au muda mfupi baadaye. Yeye mwenyewe, katika kumbukumbu za safari yake ya Nchi za Chini ya miaka 1520 na 1521, aliyaita tu "mafundo".

Dürer hakuyatunga yote kichwani mwake. Aliiga picha zilizotoka Milano miaka ya 1490, kutoka kwa watu wa karibu wa Leonardo da Vinci. Katikati ya picha hizo kuna maandishi ya Kilatini yanayotaja akademia ya Leonardo. Leonardo alipenda mafundo. Mwaka 1498 alipamba chumba kimoja cha ngome ya Sforza, palepale Milano, kwa miti ambayo matawi yake yameungana juu ya dari, na kamba ya dhahabu inapita ndani ya matawi ikijisokota bila kikomo. Giorgio Vasari, aliyeandika maisha ya wasanii wa Italia mwaka 1550, alilalamika kwamba Leonardo alipoteza muda akichora kamba iliyofungwa mafundo, ambayo mtu anaweza kuifuata toka ncha moja hadi nyingine mpaka ijaze duara zima.

Na hao Waitalia nao walipata wapi? Venice ilikuwa inanunua vyombo vya shaba nyeupe na njano kutoka Damascus na Cairo, vimenakshiwa kwa mistari ya kusukana. Mafundi wa Ulaya waliipenda, wakaiiga. Mwaka 1530 Francesco Pellegrino alichapisha Paris kitabu kizima cha michoro ya namna hiyo kwa ajili ya wanaodarizi nguo, na jina la kitabu lenyewe linasema kwamba michoro ni ya namna ya Kiarabu na ya Kiitalia. Afrika yetu nayo haikuwa mbali. Katika karne hiyohiyo ya 16, pembe za tembo zilizochongwa na mafundi wa ufalme wa Kongo, zimezungushiwa mistari ya kusukana toka chini hadi juu, zilikuwa tayari ndani ya hazina ya familia ya Medici huko Florence.

Kuna jambo ambalo mtu wa Kolwezi hawezi kuliruka. Zile picha za Milano zilichongwa kwenye mukuba. Fundi alichukua bamba la shaba lililosuguliwa, akalikata mistari kwa chuma chenye ncha kali. Alipaka wino, akafuta bamba lote, wino ukabaki ndani ya mifereji tu. Karatasi iliyolowanishwa iliwekwa juu, vikapitishwa pamoja kwenye mashine ya kukandamiza, na karatasi ikanyonya wino. Mbao ya Dürer inafanya kinyume: wino unakaa juu ya sehemu iliyoinuka, na palipochongwa pamebaki peupe. Ndiyo maana mafundo yake yana uzi mweupe juu ya weusi. Mukuba ulichaguliwa kwa sababu ni laini kuchongwa na bado una nguvu ya kutoa nakala nyingi. Sisi tunaona malori ya mukuba yakipita usiku na mchana kwenda nje. Huko Milano bamba dogo moja lilitosha kufanya mchoro wa mtu mmoja udumu miaka zaidi ya 500.

Nilimpelekea kambo ile karatasi. Alivaa miwani yake iliyofungwa kwa uzi, akachukua kijiti cha majani, akafuata mstari kwa muda mrefu bila kusema. Wajukuu walinyamaza wakimtazama. Mwishoni aliinua kichwa.

"Huyu mtu alikuwa na mkono," alisema. "Lakini nukta zake ziko wapi?"

Nilimjibu kwamba hakuna nukta.

"Basi ametuonyesha nyumba bila kutuonyesha mlango. Nitaisifu, lakini siwezi kuijenga."

Nimekaa na neno hilo siku nyingi. Picha ya Dürer imehifadhi umbo, lakini jinsi ya kulifanya haionekani tena. Ukitaka kuiiga lazima ukae na rula na kalamu ya risasi, ubahatishe alianzia wapi. Mchanga unafanya kinyume. Umbo linafutwa jioni ileile, lakini njia ya kulifanya inabaki ndani ya mtu: nukta ngapi, safu ngapi, unaanzia wapi, unageukia wapi, unasema nini ukifika pale.

Mjukuu wa kambo, msichana wa miaka 12, alituonyesha jambo hilo bila kukusudia. Alikuwa amepiga picha lusona moja kwa simu ya mama yake. Siku nyingine, kambo akiwa amelala, alijaribu kuichora kwa kuangalia simu. Alichora kipande, akainua kidole, akachora kipande kingine, akaunganisha. Kwa mbali ilifanana. Kambo alipoamka aliitazama, akaifuta bila hasira, akamshika mkono. "Nukta kwanza," alimwambia. "Mstari utakuja wenyewe."

Na kweli unakuja wenyewe, kwa sababu ndani yake kuna hesabu. Chukueni ile namna rahisi inayofanana na mkeka uliosukwa, mjaribu nyumbani. Pangeni nukta safu tatu, kila safu nukta nne. Pitisheni mstari kwa mshazari katikati ya nukta, mgeuke ukingoni, muendelee. Mtarudi mlipoanzia na kila nukta itakuwa imezungukwa, kwa mstari mmoja tu. Hesabuni mahali mstari unapojikata: pawe 17. Sasa pangeni safu tatu za nukta tatu. Mstari utajifunga mapema, na nukta nyingine zitabaki nje. Itabidi muanze tena, na tena. Ni mistari mitatu. Nne kwa sita inahitaji miwili. Tano kwa sita unatosha mmoja.

Waliosoma watakumbuka PGCD ya darasani: namba kubwa kuliko zote inayogawa namba mbili bila kubakiza. Idadi ya mistari ni hiyohiyo. Tatu na nne, PGCD ni 1. Tatu na tatu, ni 3. Nne na sita, ni 2. Mtaalamu wa hesabu Paulus Gerdes, aliyefundisha Msumbiji miaka mingi hadi alipofariki mwaka 2014, aliandika vitabu juu ya hesabu ya sona na kuonyesha kwamba wachoraji walikuwa na kanuni zao. Walijua kuunganisha michoro miwili iwe mmoja, na kugeuza njia katikati ili mistari kadhaa iwe mmoja. Nilipomweleza kambo habari ya PGCD alisema, "Sisi hatukuwa na jina hilo. Tulijua tu kwamba safu zikiwa sawasawa, mstari utakukataa."

Michoro hii imeandikwa, lakini si kwetu. Mmisionari Emil Pearson alikusanya mingi miaka ya 1920 huko Angola. Hermann Baumann, Mjerumani, alichapisha mingine mwaka 1935. Mário Fontinha alitoa kitabu kikubwa mwaka 1983. Gerhard Kubik aliandika juu ya tusona za Waluchazi. Vitabu hivyo ni vya Kiingereza, Kijerumani na Kireno. Mwaka 2023 UNESCO iliingiza sona kwenye orodha yake ya urithi usioshikika wa binadamu, kwa ombi lililopelekwa na Angola. Nawapongeza ndugu zetu wa upande wa pili. Lakini mtoto wa Kasaji akitaka kujifunza, orodha ya UNESCO haimwambii kidole kianzie wapi. Kambo anaweza, na kambo ana zaidi ya miaka 75.

Sasa nirudi kwa mama yule wa maji na shule.

Wakati kartie ya kambo inahamishwa, watu walikuja na madaftari. Walihesabu vyumba, milango, madirisha, mabati. Walihesabu miembe na miparachichi. Kila kitu kikaandikwa na kutiwa saini. "Waliandika hata choo," kambo aliniambia. "Lakini mahali tulipokuwa tunakaa jioni hapakuwa na mlango wala bati, kwa hiyo hapakuandikwa." Mahali hapo palikuwa chini ya mwembe, udongo umekanyagwa hadi umekuwa laini, wazee wanakaa, mama wanapika bukari kwenye mbabula pembeni, watoto wanazunguka. Mwembe ulilipwa. Kivuli chake hakikulipwa, na jirani zake walitawanyika, huyu huku, yule kule. Mahali papya parsele ni ndogo, udongo ni wa kokoto, na vumbi la barabara linaingia hadi kwenye sufuria. Kambo alikaa mwaka mzima bila kuchora. Hakusahau. Hakukuwa na mtu wa kumchorea.

Kwa hiyo namjibu mama hivi, kwa heshima: maji kwanza, shule kwanza, tuko pamoja. Lakini mtu anapohamishwa anapoteza pia vitu ambavyo daftari halina safu yake, na vitu hivyo visipotajwa mapema, hakuna atakayevilipa wala kuvirudisha. Kanuni za madini za mwaka 2018 zina kiambatisho kizima, cha 18, juu ya watu wanaohamishwa na migodi: namna ya kuhamishwa, kulipwa fidia na kukaa upya. Kamati za kartie, ombeni kiambatisho hicho, msomewe kwa lugha mnayoielewa. Mkiitwa kwenye mkutano wa kuhesabu mali, semeni: hapa ndipo wazee wanakaa na watoto. Tupewe mahali kama hapa tunapokwenda, na wazoefu wa kukaa pamoja wasitupwe mbalimbali. Hata kama hawataandika, itakuwa imesemwa mbele ya watu.

Hili halihusu Watshokwe peke yao. Familia za asili ya Kasai mnaotusikiliza, ninyi mliofukuzwa Kolwezi na Likasi kwa maelfu miaka ya 1992 na 1993, na ninyi mliorudi baadaye mkaanza upya, mna ya kwenu. Emil Torday alipofika kwa Wakuba zaidi ya miaka mia moja iliyopita, alikuta watoto wakichora mitandao mchangani, na wakamshindanisha mgeni: chora huu bila kuinua kidole! Mama wa Kikuba hadi leo wanadarizi mistari ya kusukana kwenye nguo za rafia. Na wakimbizi wa Angola walioishi kambi za upande wa Kisenge wakati wa vita vyao walikuja na sona zao bila mzigo wowote mkononi. Hakuna askari wa mpakani aliyeweza kuzipekua.

Kuna mambo mawili yaliyozua maneno, niyaseme wazi. La kwanza ni siri ya mukanda. Ziko sona ambazo ni za jando, na kambo alikataa kuzitoa redioni. Tulikubaliana naye: tunatangaza zile za jioni tu, ambazo kila mtu alikuwa anaziona. Wanaosema tunauza siri, siri iko salama kwa wenyewe.

La pili ni huyo msichana wa miaka 12. Zamani kuchora sona ilikuwa kazi ya wanaume, na baba mmoja alitupigia simu kwa ukali, kwamba kambo anaharibu mila. Nilimpelekea kambo lalamiko hilo. Alikaa kimya, akachezea miwani yake. "Wajukuu wangu wa kiume wako karieri toka alfajiri, wakirudi wamekufa kwa usingizi," alisema. "Huyu ndiye anayekaa chini. Nimfukuze anayekaa, nimngoje asiyekuja?" Mimi ni mwanamke, na ninajua wasomaji wengine watasema ninamtetea kwa sababu hiyo. Naripoti alichosema. Lakini nilikuwapo siku msichana huyo alipomaliza tatu kwa nne mara ya kwanza bila kusita. Hakushangilia. Alihesabu makutano yote 17 kwa sauti ndogo, akamtazama babu yake, halafu akapitisha kiganja akafuta, kama anavyofanya yeye.

Na redio? Wiki ya pili tulijaribu. Nilisoma taratibu: safu tatu, nukta nne, anza nje chini ya nukta ya kwanza, kata kwa mshazari kwenda juu kulia. Kambo akasimulia juu ya hatua zangu. Dakika kumi baadaye mtoto alipiga simu kutoka kwenye kartie ya waliohamishwa, hasira imempanda: mstari wake unajifunga kabla ya kumaliza. Nilimwuliza amepanga nukta ngapi. Alikuwa na tatu kwa tatu. "Ongeza nukta moja kila safu," kambo alisema kwenye maikrofoni, akicheka. Tuliwasikia wakibishana, mama mmoja akisema subiri, subiri, halafu kelele kubwa kwenye simu hadi fundi mitambo wetu akapunguza sauti. Kwa hiyo wanaouliza jinsi mchoro unavyopita redioni, unapita hivyo: kwa namba na kwa hadithi. Umbo mnalitengeneza wenyewe huko mliko.

Jumapili ijayo, saa kumi alasiri, tutakuwa na tano kwa sita. Sawazisheni udongo mapema, na kama hapo mlipo ni kokoto tupu, majivu ya mbabula yaliyotandazwa kwenye sahani pana yanatosha. Wazee wenye sona za jioni, na mama wenye mistari ya mikeka na rafia, tupigieni kabla ya Ijumaa ili fundi wetu apange muda. Mkituletea picha tutashukuru. Lakini mtuambie pia nukta ni ngapi, mstari unaanzia wapi, na hadithi yake inasemaje.